Riwaya ya wanyonya damu: kwa nini mapigano 7 hayajasogeza hadithi

Swali: "Ninaandika kwa Kiswahili riwaya ya vampaya inayotokea Jinja, Uganda. Mhusika mkuu, Akello, ni muuguzi wa zamu ya usiku aliyegeuzwa kuwa mnyonya damu. Anaishi chini ya ukoo wa watu 9 unaoongozwa na Mzee Waiswa, na kuna wawindaji waliotoka Romania kuwafuata. Nimefika ukurasa wa 160 na tayari nina mapigano 7, lakini rafiki zangu wawili waliosoma wanasema hadithi haiendi. Nikiongeza pigano jingine wanachoka zaidi. Nijenge vipi mgogoro wa nje wenye nguvu? Na je, mwishoni Waiswa afe?" (Msomaji wa Jinja)

Ndugu mwandishi, nimeisoma rasimu yako. Rafiki zako wamesoma kwa makini, na dawa haimo katika kuongeza mapigano. Mgogoro wa nje ni pande mbili au tatu kutaka kitu kimoja kisichowatosha wote, kila upande ukiwa na sababu ambayo wewe mwenyewe ungeielewa kama ungekuwa umekaa huko. Pigano ni mahali ambapo mgogoro huo hujitokeza, tena si mara zote. Fanya jaribio hili: chukua pigano la tatu katika rasimu yako, lifute lote, kisha usome sura inayofuata. Kama sura hiyo bado inaeleweka bila kugusa sentensi hata moja, pigano lile halikuwa sehemu ya msuko. Rudia kwa yote 7. Yatakayobaki ndiyo riwaya yako ilipo kwa sasa.

Katika hadithi ya wanyonya damu, kitu kisichotosha unacho tayari, na waandishi wengi hukipita bila kukitazama: damu. Tunaandika njaa kama hisia, meno yanawasha, macho yanakuwa mekundu, halafu mhusika anapata mtu gizani na mambo yanaisha. Njaa ikiandikwa hivyo haizai msuko. Andika njaa kama hesabu: kiasi gani, kutoka wapi, kila baada ya muda gani, na nani ataona pengo. Hesabu hiyo ikishakaa sawa, nusu ya matukio yako yatajitokeza bila kuyasukuma.

Tuifanye pamoja. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi. Akipoteza hadi mililita 750, dalili ni chache. Kati ya 750 na 1,500 moyo unaanza kwenda mbio na anahangaika. Kati ya 1,500 na 2,000 shinikizo la damu linashuka na mawazo yanavurugika. Zaidi ya lita 2, bila msaada wa haraka, yuko mlangoni pa kifo. Mfuko mmoja wa mtoaji damu hospitalini ni mililita 450. Mwanamume hushauriwa kukaa miezi 3 kabla ya kutoa tena, mwanamke miezi 4.

Sasa sema Akello anahitaji mfuko mmoja kila usiku. Hiyo ni mifuko 365 kwa mwaka. Mwanamume anayetoa kila baada ya miezi 3 anampa mifuko 4, kwa hiyo anahitaji watu 92 ili asiue wala kudhoofisha mtu. Ukoo wa watu 9 unahitaji zaidi ya watu 820, kila mmoja akiwa na mdomo, mke, jirani na simu. Hiyo si siri tena, ni kama chama cha siasa. Geuza upande wa pili: kila mmoja wa wale 9 aue mtu mmoja kwa wiki. Ni vifo 468 kwa mwaka. Mji wa ukubwa wa Jinja hauwezi kupoteza watu 468 bila mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), polisi, maimamu, wachungaji na madereva wa bodaboda kujua. Kama katika rasimu yako ukoo umeishi mjini miaka 60 na hakuna anayeshuku, msomaji hatakwambia ni hesabu iliyokosewa. Atakwambia tu kwamba hadithi haimshiki.

Kwa hiyo chagua kiwango kinachowezekana lakini kinachobana. Ningependekeza mfuko mmoja kwa wiki kwa kila mmoja: mifuko 9 kila wiki, 468 kwa mwaka. Ni kidogo kiasi cha kufichika, na ni kingi kiasi kwamba mtu fulani lazima afanye kazi kuipata. Mtu huyo tayari unaye: muuguzi wa zamu ya usiku. Katika rasimu yako kazi ya Akello ni pambo tu, anavaa sare nyeupe halafu anaondoka kwenda kupigana. Irudishe katikati ya kitabu.

Damu huhifadhiwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 6, kwa siku 35 au 42 kutegemea dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ndani ya mfuko. Siku zikipita, mfuko hutupwa. Hapo ndipo pana mlango wa riwaya yako: Akello amekuwa akiupatia ukoo mifuko iliyopita muda. Hakuna mgonjwa anayedhulumiwa, hakuna anayekufa, na daftari la hospitali linasema mifuko imechomwa. Mpango mzuri, wa amani, wenye ufa ndani yake. Ufa ni huu: nchini Uganda sehemu kubwa ya watoaji damu ni wanafunzi wa shule. Shule zikifungwa, benki za damu hupungukiwa, jambo linalojulikana na kutangazwa karibu kila likizo ndefu. Damu ikiwa haba, kila mfuko unatumika kabla ya muda wake. Hakuna kinachopita muda, hakuna kinachotupwa. Ukoo mzima unaingia Desemba bila chakula, na hakuna aliyefanya kosa lolote. Mgogoro ulioanza bila mtu mbaya ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu kila hatua inayofuata ni uamuzi wa mtu.

(Hospitali yenyewe ibuni jina. Usiiandike hospitali halisi yenye wafanyakazi halisi kuwa inaibiwa damu.)

Baada ya damu, wapinzani. Wawindaji wako wa Romania waondoe. Nasema hivi nikijua ni kurasa nyingi. Wamekuja, wanaua, wakishindwa watapanda ndege warudi kwao. Hawana nyumba Jinja, hawana mtoto anayesoma pale, hawapotezi kitu mji ukiungua. Mpinzani mwenye nguvu ni yule ambaye akishinda Akello anapoteza, akishindwa yeye mwenyewe anapoteza kitu kile kile.

Hata hiyo Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, tunayoichukulia kama kiwanda cha vampaya haikuhitaji wawindaji ili kuwe na mgogoro. Ukiangalia kumbukumbu, mwaka 1732 daktari wa jeshi la Austria, Johann Flückinger, aliandika ripoti kuhusu kijiji cha Medveđa, Serbia, ambako wanakijiji walidai wafu wanawaua walio hai. Makaburi yalifunguliwa mbele ya maofisa. Mambo kama hayo yaliendelea hadi mwaka 1755, Maria Theresa, mtawala wa Austria, alipopiga marufuku kufukua na kuchoma maiti kwa sababu hiyo, baada ya kupata ushauri wa daktari wake Gerard van Swieten. Tazama pande zilizokuwepo: kijiji chenye hofu, jeshi linalotaka utulivu mpakani, madaktari wanaotaka ushahidi, serikali inayotaka kuamua nani ana haki juu ya maiti. Mnyonya damu mwenyewe hafanyi lolote mbele ya macho ya mtu. Mgogoro wote uko kwa walio hai, juu ya nini kifanyike.

Na hapa kwetu pana akiba kubwa zaidi kwa riwaya yako. Wakati wa ukoloni, Kampala na sehemu nyingine za Afrika Mashariki zilijaa uvumi kwamba wazimamoto, ambao Waganda waliwaita bazimyomwoto, wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Pwani watu walizungumzia mumiani. Ukiutazama uvumi huo kama mwandishi, unaona umbo lake: anayeshukiwa ni mtu mwenye gari, sare, vyombo na kazi ya usiku ambayo wengine hawaielewi. Uvumi haumwangukii mchawi wa pangoni. Kwa Jinja ya leo, nani ana gari, sare, kisanduku cha baridi na safari za usiku? Dereva wa gari la benki ya damu. Huyo hana kosa lolote, na anafanana kabisa na hofu ya watu. Akello ndiye mwenye kosa, na anafanana na malaika wa wodi. Hapo una mgogoro wa nje ambao hakuna mwindaji wa Romania angeweza kukupa.

Neno moja kuhusu basezi, kwa maana najua kishawishi ni kikubwa. Msezi wa masimulizi ya Buganda hufukua na kula maiti, na mara nyingi ni jirani wa kawaida mchana. Hanyonyi damu ya walio hai. Ukimchanganya na vampaya, wasomaji waliokulia Buganda watakuacha ukurasa wa kwanza. Mwache awe tishio la aina nyingine, au usimguse. Na kokote utakakogusa tuhuma za uchawi, kumbuka kwamba Uganda ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957, na kwamba umati kuchukua hukumu mkononi ni jambo linalotokea kweli na kuua watu kweli. Liandike kwa uzito wake: nani alipiga kelele ya kwanza, nani alileta tairi, nani alijua si kweli akanyamaza.

Sasa sheria za mnyonya damu wako. Zinajenga kuta ambazo mgogoro unagonga, kwa hiyo chache zinatosha: tatu, nne ukizidisha. Kila moja itumike angalau mara tatu: ionekane mapema katika jambo dogo, imgharimu Akello katikati, na imgeukie mpinzani mwishoni. Sheria inayotajwa mara moja tu, tena kwenye kilele, ni udanganyifu, na msomaji anaujua.

Jua, kwa mfano. Huna deni na mtu kwenye sheria hii. Katika masimulizi ya zamani ya Balkani mwanga wa jua haukuwa unaua mnyonya damu; wazo hilo lilienea kutoka filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Ukilitumia, litumie kwa jiografia ya Jinja. London usiku wa Desemba unafika saa 16, na wa Juni ni kama saa 7 na nusu, kwa hiyo vampaya wa huko ana msimu wa kushiba na msimu wa kukonda. Jinja iko karibu kabisa na ikweta. Usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima. Jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, na tofauti ya mwaka mzima ni nusu saa tu: mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kuchelewa zaidi katikati ya Februari. Mapambazuko yenyewe ni mafupi mno, dakika 20 na kidogo kutoka mwanga wa kwanza unaokuwezesha kuona njia hadi jua kutokeza. Akello hana majira ya kukimbilia. Hana pia ule mwanga wa jioni wa Ulaya unaodumu. Basi la usiku kutoka Kampala kwenda Arua ni safari ya karibu kilomita 500. Tairi likipasuka Bweyale saa tisa usiku, msomaji ataanza kuhesabu dakika mwenyewe bila wewe kumwambia "aliogopa".

Sheria ya kualikwa ndani ni tamu zaidi katika Kiswahili kuliko mahali ilipotoka, na inakutaka uwe makini. Sisi tunamwambia "karibu" kila anayebisha hodi, hata anayepita tu tukiwa tunakula. Kama neno hilo linatosha, vampaya wako anaingia kila nyumba ya mtaa wa Walukuba bila jasho, na sheria imekufa. Kwa hiyo iwekee meno: mwaliko unahesabika pale tu unapotoka kwa mwenye mamlaka juu ya mlango. Hapo kwenye muzigo, yaani chumba cha kupanga, nani ana mamlaka, mpangaji au mwenye nyumba? Mpangaji aliyechelewesha kodi miezi miwili bado ana mlango? Mwenye nyumba akimwalika Mzee Waiswa "aje kukagua vyumba", wapangaji wote 12 wamefunguliwa. Hilo ni tukio zima, lina hofu, na hakuna aliyerusha ngumi.

Kisha maji. Desturi ya zamani inasema mnyonya damu hawezi kuvuka maji yanayotiririka kwa nguvu zake mwenyewe. Umechagua mji uliokaa ukingo wa mashariki wa Nile! Ramani inakufanyia kazi. Kwa gari, kutoka Jinja kwenda Kampala kuna njia ya juu ya bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, na kuna daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Kuna pia daraja la reli. Yote hulindwa. Andika sheria iwe hivi: ukoo unaweza kuvuka tu ukibebwa na mtu wa kawaida aliyekubali kwa hiari, anayejua anabeba nini. Si kwa kulaghaiwa, si kwa kutishwa. Sheria hiyo moja inamlazimisha Waiswa, mwenye nguvu kuliko wote, kumwomba binadamu. Usiipoteze.

Kuhusu nguvu za kujiponya: mhusika asiyekufa hamtishi msomaji, na hii ni sababu nyingine mapigano yako 7 yanapoa. Toza kila jeraha damu. Mkono uliovunjika unakula mfuko mzima. Risasi ya tumbo, mifuko mitatu. Sasa Akello akishinda pigano Jumanne, Ijumaa anakuwa na deni, na wodini kuna mtoto wa malaria anayesubiri mfuko ule ule. Ushindi wake unamuumiza mtu mwingine. Mapigano mawili ya aina hii yanatosha kitabu kizima.

Sasa kuunganisha matukio, na hapa ndipo rasimu nyingi za Kiswahili hukwama kwa sababu ambayo haionekani haraka. Lugha yetu ina -ka-. Akaamka, akatoka, akakutana nao, akawapiga, akarudi, akalala. Masikio yetu yamelelewa na ngano zinazosimuliwa hivyo, kwa hiyo sentensi inateleza vizuri hata pale ambapo tukio la kwanza halikuzaa la pili. Ukisoma kwa sauti unaona mambo yanaenda, kumbe yamepangwa foleni tu. Andika kila sura yako katika sentensi moja kwenye daftari. Kati ya sentensi na sentensi jaribu kuweka "kwa hiyo" au "lakini". Mahali ambapo hakuna linalokaa ila "kisha" au "halafu", ndipo hadithi ilipokatika. Rekebisha hapo kabla ya kugusa mtindo au mazungumzo.

Nikiuchukua mpango wa damu niliokupa, mnyororo wako unaweza kwenda hivi. Shule zimefungwa Desemba, kwa hiyo benki ya damu imepungukiwa, kwa hiyo hakuna mifuko inayopita muda. Waiswa anamwamuru Akello achukue mifuko mizuri, lakini usiku huo kuna mama anayevuja damu baada ya kujifungua na mifuko ya kundi lake ni miwili tu. Akello anakataa. Kwa hiyo Waiswa anagawa kilichopo nusu nusu, lakini Tenywa, mdogo kuliko wote katika ukoo, hawezi kustahimili nusu. Anatoka peke yake Walukuba kutafuta "kidogo tu", hajui kusimama, na mwendesha bodaboda anakufa. Kwa hiyo wenzake wa steji wanaanza doria ya usiku na kufunga njia kwa magogo. Lakini doria haimkuti Tenywa. Inamkuta dereva wa benki ya damu saa nane usiku, gari limezimika, visanduku vya damu nyuma.

Simama hapo kidogo, kwa sababu huo ndio ukurasa wa katikati ya kitabu. Hadi hapo swali la msomaji lilikuwa "watapata damu wapi?" Kuanzia hapo ni "nani atabeba hatia?" Kitovu cha riwaya nzuri hubadilisha swali namna hiyo. Akello yuko wodini, anasikia kelele, anajua. Akinyamaza, dereva anakufa na ukoo unapona. Akisema, anamtoa Tenywa, ambaye ni mtoto, naye Tenywa alikosea kwa sababu ya "hapana" ambayo Akello aliisema kwa haki kabisa. Mgogoro wa ndani unaoupenda, na ambao umeuandika vizuri katika sura ya 2, sasa una mahali pa kusimama. Huhitaji kurasa za kujiuliza yeye ni nani. Uamuzi wake utasema.

Chukua atoke nje amwokoe dereva kwa kuonyesha meno yake mbele ya doria. Kwa hiyo watu wote wanajua, kwa hiyo ukoo hauna tena Jinja, kwa hiyo lazima wavuke Nile kabla ya alfajiri. Lakini hawawezi kuvuka bila mtu wa kawaida mwenye hiari na anayejua. Kuna mmoja tu mji mzima anayejua na ambaye ana deni kwa mmoja wao. Dereva. Hapo kilele kinajijenga chenyewe: gari moja, watu 9, mji umeamka, walinzi darajani, na hiari ambayo haiwezi kulazimishwa. Waiswa atajaribu kulazimisha, kwa maana ndivyo amezoea miaka yote, na ukiandika vizuri, kulazimisha kwake ndiko kutakakovunja sheria.

Kwa vipimo: kama unalenga kurasa 300, tatizo la Desemba lionekane kabla ya ukurasa wa 30. "Hapana" ya Akello iwe karibu na ukurasa wa 70 au 75, maana ndilo tendo lake la kwanza lisilorudishika. Kukamatwa kwa dereva, ukurasa wa 150. Kati ya 150 na 225 pande zote zibanwe: polisi wanaanza kuuliza maswali hospitalini, daftari la mifuko iliyochomwa linafunguliwa, umeme unakatika na friji ya akiba ya ukoo inapanda joto. Wahudumu wa damu hufuata kanuni kwamba mfuko uliokaa nje ya baridi zaidi ya dakika 30 haurudishwi kwenye friji; amua mapema kama damu iliyoharibika inamdhuru vampaya wako au inamdhoofisha tu, kisha usibadilishe. Kilele kianze karibu na 260 na kisizidi kurasa 25. Vipimo hivi si amri. Vinakusaidia kuona kwamba katika rasimu ya sasa tatizo linaanza ukurasa wa 88, na hiyo ni mbali mno.

Kuna mitego mingine michache. Usimpe mzee wa ukoo hotuba ya kurasa nane kueleza historia ya wanyonya damu. Msomaji apate historia pale inapomzuia mtu kufanya jambo. Usilete unabii, kwani unabii unafanya kazi ambayo wahusika wangepaswa kufanya. Usilete ukoo wa pili kutoka Kampala kwa sababu tu hadithi imepoa. Sadfa inaruhusiwa kumwingiza mhusika matatani, kamwe isimtoe: gari la dereva kuzimika mbele ya doria ni sawa, bunduki ya polisi kukwama wakati Akello anataka kukimbia si sawa. Na polisi wawepo. Riwaya nyingi za namna hii zinaua watu 15 mjini bila hata faili moja kufunguliwa.

Kabla ya kuandika ukurasa wa 161, chora kalenda ya usiku 40, kuanzia katikati ya Novemba. Kila usiku andika mambo manne tu: mifuko iliyopo hospitalini, mifuko iliyopo kwa ukoo, nani hajala kwa usiku ngapi, na nani mjini amejua nini. Namba zikifika sifuri mahali ambapo hukupanga tukio, hapo pana tukio. Namba zikikaa vilevile usiku 6 mfululizo, ruka usiku hizo zote kwa sentensi moja.

Sasa Waiswa, afe au asife. Mjue kwanza anataka nini: hatawali ulimwengu, anataka wale 9 wabaki 9. Amewaweka hai kwa daftari na nidhamu, na ndiyo maana "hapana" ya Akello ilimtisha kuliko kigingi. Kumwua kwa kigingi darajani kunamaliza mwili wake na kuacha swali lake wazi. Njia inayotoka ndani ya sheria zako ni dereva kukubali kwa hiari kuwabeba wanane na kumkataa yeye, kwa sababu Waiswa ndiye aliyemshika mke wa dereva mateka ili "akubali". Mzee anabaki ukingo wa Jinja, dakika 12 kabla ya jua, na uamuzi wa mwisho ni wake: kuwazuia wanane wasiondoke, au kufungua njia. Kwa Waiswa uliyemwandika hadi ukurasa wa 160, nadhani atafungua njia na jua litamkuta. Lakini andika zote mbili, ukurasa mmoja mmoja, kisha uangalie ipi inahitaji nguvu mpya au sheria ambayo haikutajwa kabla. Hiyo itupe.